Wa Nne Hajafutwa Masizi

Suva, 20 Septemba 1945

Kwa binamu yangu Apakuki, karani wa kanisa na mwizi wa magimbi ya wenzake,

Salamu zikufikie ukiwa umeoga, ingawa najua hapo naomba muujiza. Mimi ni mzima, ila mvua ya Suva imenipa kikohozi na jino la nyuma linanitesa kutwa. Mwambie mama kwamba shati alilonishonea limevuka bahari mara mbili na vifungo vyote vipo. Mwambie pia asianze kunitafutia mke, nina macho yangu mwenyewe. Wewe je, umepata wa kukukubali, au bado wanaiona pua ile na kukimbia?

Sasa habari yenyewe. Tumeachiwa, binamu! Jumanne walitupanga foleni mbele ya meza tatu. Ya kwanza unarudisha bunduki, ya pili unarudisha blanketi na sahani, ya tatu unapewa karatasi yenye mhuri kwamba jeshi halikudai tena. Yule wa meza ya pili akaniuliza, "Kijiko kiko wapi?" Nikamwambia kimebaki vitani, kisiwani Bougainville, chini ya tope. Akasema, "Lazima niandike sababu." Nikamwambia aandike kwamba kijiko kimekufa vitani. Hakucheka. Wenzangu nyuma walicheka mpaka sajini akatukemea, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu hakuna aliyemwogopa.

Maciu, Seru na mzee Vilikesa wanapanda boti ya mbata ya wiki hii. Mimi nitafuata na ya Oktoba, maana daktari wa jeshi bado anang'oa watu meno na jina langu liko kwenye orodha. Vitu vya marehemu Nemani nimekabidhiwa mimi: Biblia yake, mkanda, na wembe ambao hakuwahi kupata ndevu za kuutumia. Nitakuletea mkononi mwako. Mengine kuhusu mdogo wako sitayaandika hapa. Tutakaa chini tuzungumze, mimi nawe.

Twanga mizizi ya yaqona ya kutosha tunywe, uache ubahili.

Binamu yako,
Kitione


Delaimati, Gau, 9 Oktoba 1945

Kwa Kitione, shujaa aliyewaponyoka Wajapani akaja kushindwa na jino,

Barua yako imefika. Niliisoma kwa sauti mbele ya mama yako, nikaruka pale uliponitukana, akasema, "Rudi nyuma, umeruka kitu." Shangazi haibiwi. Amecheka mpaka akafuta machozi, halafu akaendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha. Yeye hajambo, miguu tu inavimba. Magimbi yamekubali mwaka huu. Paa la kanisa linavuja juu ya kiti changu peke yake, na watu wako wanasema Mungu anajua anachofanya. Barua hii nampa mchungaji, anakwenda Suva na boti ya misheni.

Wenzako watatu walifika salama. Kijiji kizima kilikuwa ufukweni. Laite, mke wa Maciu, alikuwa ameingia majini hadi kiunoni na nguo yake ya kanisani. Kumbuka waliishi pamoja wiki mbili tu kabla hamjaondoka. Basi Maciu akaruka kutoka kwenye boti, na kabla hajamfikia, chifu wetu Ratu Emori akapaza sauti: "Usimguse!"

Tukadhani mzee amechanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa. Akasema, "Nilitoa vijana watano kwa kiapo cha jino moja la nyangumi. Mmoja Mungu amemchukua. Wanne waliobaki nitawafuta masizi ya vita pamoja, kwenye mkeka mmoja. Wako watatu. Wa nne yuko wapi?"

Maciu akamjibu kwa adabu kwamba wazee wa zamani walipakwa masizi ya kweli usoni, ndiyo maana wakafutwa. "Sisi tulipakwa nini, Ratu?"

"Lile jino nililolitoa siku ile ndilo masizi yako. Mpaka nikufute, wewe bado ni mtu wa vita. Na mtu wa vita halali kwa mke, wala hatii mkono kwenye udongo wa shamba."

Kwa hiyo wako kwenye nyumba ya wanaume, binamu, wote watatu. Chakula wanaletewa mlangoni. Mimi nimewekwa kuwa mlinzi wao, kwa vile ndimi msimamizi wa kijiji na sina mke wa kunifanya nione huruma. Kila asubuhi Laite anapita na ndoo kwenda kisimani, na kisima hakiko upande ule. Jana Maciu alimwita, "Mama, maji gani hayo unayoteka mara sita?" Naye akajibu bila kugeuka, "Nateka ya kumzimia mtu moto." Mzee Vilikesa amesema akisikia tena maneno hayo ataomba arudishwe Bougainville.

Tunacheka, lakini si mchezo. Njoo na boti ya Oktoba. Ng'oa jino, ling'oke lising'oke, wewe panda. Vitu vya Nemani tutavipokea pamoja. Mimi nimekwisha kulia, usiogope macho yangu.

Apakuki


Suva, 2 Novemba 1945

Binamu Apakuki,

Natumaini hamjambo wote. Mama asile chumvi nyingi kama miguu inavimba. Jino limetoka, na daktari amekwenda zake.

Mmeiona boti ya Oktoba na hamkuniona mimi. Ilijaa mapipa. Tena nimepata kazi bandarini ya kupakua mizigo, na msimamizi anataka mtu akae angalau mpaka mwisho wa mwaka. Sitaki kumvunja moyo.

Najua utasema kazi ni kisingizio. Basi nikuambie. Unakumbuka siku tuliyoondoka, kila mmoja aliposimama mbele ya Ratu na kupiga kifua? Maciu alisema ataleta kofia ya jenerali. Seru alisema atakunywa chai Tokyo. Mimi nikasema, "Nemani nitamrudisha kwa miguu yake miwili. Nikija bila yeye, mguu wangu usikanyage mchanga huu." Watu wakashangilia, wewe ukashangilia kuliko wote. Sasa nikanyage vipi? Ahadi ni deni, na ile niliitoa mbele ya jino la nyangumi.

Waombe radhi wale watatu. Mwambie Laite anisamehe.

Jambo moja dogo. Bandarini nimekutana na Vatiliai, yule wa kisiwa cha Nairai aliyerudishwa mapema kwa malaria. Anakusalimu sana. Anasema Februari mwaka jana boti yao ilipita Delaimati, ukamchomea shelisheli, mkakaa ufukweni mkazungumza kama ndugu.

Kitione


Delaimati, 25 Novemba 1945

Kwa Kitione, mpakuzi wa mizigo ya Wazungu,

Salamu. Shangazi hajambo kidogo, na chumvi amekataa kuiacha. Anasema ninyi wawili mliohitimu darasa la nne mmekuwa madaktari. Mtoto wa Seru, yule aliyezaliwa mkiwa vitani, sasa anakimbia. Juzi alikwenda mpaka mlango wa nyumba ya wanaume akamtazama baba yake, Seru akajificha nyuma ya nguzo asije akamgusa. Mtoto akatutazama sisi wakubwa kama tumefanya mzaha mbaya. Tumevuna viazi vikuu vya kwanza na tumevipeleka kwa Ratu na kanisani. Mashamba ya wale watatu yameota majani hadi kifuani, kwa kuwa Ratu amekataza hata ndugu zao kuyalima. "Wangoje," anasema. "Na mimi nangoja."

Nimekwenda kwake na yaqona kwa ajili yako. Nikamweleza majigambo yako yanakuzuia. Akasema, "Mwambie yule mjinga kwamba maneno ya kifuani ni chakula cha vita. Vita vikiisha hayaliwi tena. Nani aliwahi kumrudisha mtu kwa nguvu ya kifua? Aje." Umesikia? Amekuachia. Mbele ya mashahidi.

Na mimi, kaka wa marehemu, niliyemlea tangu baba na mama walipotutoka, nakuambia kwa mkono wangu: sikudai kitu. Risasi haiombi ruhusa kwa binamu. Sasa umebaki na kisingizio gani?

Mama yako anataka niandike maneno yake kama yalivyo. Haya: "Kitione, mimi si jeshi. Sina meza tatu. Njoo unirudishie nilichokuazima, yaani wewe mwenyewe." Amesema nisiongeze wala nisipunguze.

Wa Nairai wanapita wengi hapa, na wote ni wasemaji. Siwakumbuki mmoja mmoja.

Apakuki


Suva, 20 Desemba 1945

Apakuki,

Krismasi njema kwenu nyote. Nimemtumia mama kitambaa na sukari kwa mkono wa nahodha.

Sitakuja Krismasi. Mwambie Ratu nimemsikia na namshukuru.

Nakuuliza neno moja, unijibu. Nemani alipokuwa Bougainville, uliwahi kupata barua yoyote iliyoandikwa kwa mkono wake?

Kitione


Delaimati, 15 Januari 1946

Kitione,

Heri ya mwaka mpya. Sukari imefika nusu, nahodha ana watoto. Shangazi amekivaa kitambaa kanisani, akakaa mbele ili kila mtu aone kwamba ana mwana. Mimi nina homa kidogo, itapita.

Unauliza barua za Nemani. Zilifika mbili, na zote nilizisoma mbele ya watu baada ya ibada. Moja inaeleza nyumbu wa Wamarekani, nyingine inaomba nyimbo. Kila mtu anazijua. Sijui kwa nini unaniuliza kama hakimu. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Kama kuna la kuulizwa kuhusu mtoto yule, ningeuliza mimi, na mimi nimekuachia. Hutanii tena, huandiki hata ukurasa mmoja mzima, halafu unaniuliza. Umenichoka? Sema. Mtu na mtani wake hawasusiani.

Sasa sikiliza ulilotufanyia. Wiki iliyopita Maciu alitoboa ukuta wa nyuma akaenda kwa mkewe. Tulimkuta mchana kweupe chini ya mwembe-pori wa bondeni, wamekaa tu, wameshikana mikono, hawafanyi lolote. Laite alikuwa anamchana nywele. Ilibidi mimi nimwambie ainuke. Mimi! Nilicheza naye mpira wa ndizi mbovu tukiwa watoto. Akasema, "Apakuki, Mfalme wa Uingereza ameniachia. Nina karatasi. Ninyi ni nani?" Laite akanigeukia: "Alikaa mbali nami miaka mitatu, na Mjapani hakumpata. Umempata wewe."

Ratu hakumpiga wala hakumtoza. Alimrudisha ndani tu, akaamuru ukuta uzibwe, na mzibaji ni mimi. Nilipokuwa nasuka ile mianzi kwa nje nilimsikia Maciu analia ndani. Mtu mzima. Mzee Vilikesa akawa anamwambia, "Nyamaza, baba, nyamaza, wanasikia." Kisha Seru akauliza, "Lakini hasa nani ametufunga humu?"

Njoo. Sijui niandike vipi tena.

Apakuki


Delaimati, 17 Februari 1946

Ndugu yangu Kitione,

Hujajibu, na boti imepita mara moja bila barua yako. Naandika kabla hujajibu kwa sababu nikingoja nitapata tena njia ya kukwepa. Shangazi yu salama. Salamu nyingine ziache kwanza.

Nilikudanganya. Barua zilikuwa tatu.

Ya tatu niliipokea mkononi kwa Vatiliai, Februari mwaka juzi, na namkumbuka vizuri sana, mpaka kovu la shingoni. Alisema Nemani hakutaka ipite kwa maofisa wanaosoma barua. Nilimchomea shelisheli, nikaisoma mbele yake nikijifanya nacheka ili asiulize kitu.

Nemani aliandika hivi, nimeisoma mara nyingi hata naijua kwa moyo: "Kaka, jeshi likijua mtu hajafika miaka kumi na nane linamrudisha kwao, na hawamfanyi kitu. Wewe una kitabu cha ubatizo. Ninakilie ule mstari wangu uutume kwa kapteni, utie na mhuri wa kanisa. Siogopi, kaka. Ila nimechoka na sipati usingizi, na mkono wangu wa kulia unatetemeka hata nikila. Usimwambie Ratu kwamba nimeomba. Sema umekumbuka wewe mwenyewe."

Kazi ya robo saa, Kitione. Nilikwenda ofisini kwa mchungaji, nikakifungua kitabu. Alizaliwa tarehe 11 Agosti 1926. Nikachovya kalamu. Niliandika jina lake, jina la baba, jina la mama, tarehe, kila kitu. Kilichobaki ni mhuri na sahihi yangu.

Basi nikasikia vigelegele nje. Bwana wa wilaya alikuwa amefika siku hiyo kumpongeza Ratu kwamba kisiwa kimetoa kila kijana aliyeombwa, na Delaimati peke yake watano kamili. Ratu alisimama amejifunga kiunoni mkeka wake mzuri wa sherehe, machozi yanamtoka kwa fahari. Na ule utano mimi ndimi niliyeukamilisha. Walikosa mmoja, na mbele ya daktari wa jeshi niliapa kwamba mdogo wangu ana miaka kumi na tisa. Karatasi ile ikitoka, Ratu ni mwongo mbele ya serikali, na mimi ni mwongo mbele ya Ratu. Nikajiambia vita vinakaribia kwisha. Nikajiambia mtoto ana deko, atazoea. Nikaiweka karatasi ndani ya kitabu nikakifunga, nikatoka nje nikapiga makofi na wenzangu.

Juni ikaja simu ya jeshi ya kifo chake.

La kuvunda halina ubani. Nimekuandikia kwamba sikudai kitu, nikajiona mwema. Nimewalinda wale watatu miezi minne kama mlinzi wa gereza, nikijua ndani ya moyo wangu mfungwa ni nani. Seru alipouliza nani amewafunga, nilikuwa nimeshika mwanzi upande wa pili wa ukuta. Jibu nilikuwa nalo, nikaendelea kusuka.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilichukua jino la nyangumi la baba, la kuombea radhi, nikaenda kwa magoti mpaka miguuni pa Ratu mbele ya kijiji kizima, nikasema yote. Niliisoma barua ya Nemani kwa sauti, kama nilivyosoma zile mbili. Shangazi aliinuka katikati akatoka nje. Hajaniambia neno mpaka leo, lakini chakula bado analeta.

Ratu hakulipokea jino. Hakulikataa pia. Akasema, "Mimi ndiye niliyetaka watano." Sikuwahi kumsikia akitumia sauti ile. Halafu akasema, "Watoeni wale watatu, waende kwa wake zao. Nitawafuta kesho asubuhi. Nilikosea kuwafunga wasiohusika."

Maciu hakungoja kusikia mwisho wake. Laite alikuwa amekwisha kumshika.

Mimi nikabaki palepale chini. Ratu akanitazama. "Wewe hukwenda vitani, Apakuki, lakini masizi unayo. Ingia wewe mle ndani." Nikamuuliza nitakaa mpaka lini. Akasema, "Atakayekufuta si mimi. Ni yule aliyeko Suva, aliyemshika mtoto mkono. Akija akakufuta, utatoka. Asipokuja, basi."

Kwa hiyo naandikia humu. Mlango hauna kufuli na hakuna anayenilinda, na sithubutu kuuvuka. Nasikia vijana wanalima shamba la Maciu huko nyuma, wanaimba. Ile karatasi ya ubatizo isiyo na mhuri nimeitia ndani ya barua hii, ni yako sasa. Ukiichana, ukiipeleka jeshini, ukimwonyesha kila mtu bandarini, ni haki yako. Sikuiti tena uje kwa ajili ya mama, wala kwa ajili ya wale watatu. Nakuomba kwa ajili yangu mwenyewe, nami sistahili.

Apakuki


Suva, 10 Machi 1946

Binamu,

Salamu kwako ulipo. Sina kikohozi tena. Karatasi nimeipata. Mwandiko wako mzuri ulinichoma kuliko maneno, maana ulijitahidi, hata herufi kubwa ulizipamba.

Nilijua. Mimi ndiye niliyempata Vatiliai, nikamsihi aifiche ile barua ndani ya bendeji. Mwaka mzima niliamini ilipotea, au Vatiliai aliitupa kwa homa. Ndiyo maana barua yangu ya Septemba ilikuwa na utani. Nilikuwa nakuja kweli. Halafu Oktoba nikakutana naye bandarini, nikamwuliza kwa mzaha, "Ile barua uliila?" Akaniambia, "Nilimpa kaka yake mkononi. Aliisoma huku anacheka." Pale pale nikateremsha gunia begani nikakaa juu yake. Boti ya kwenu ilikuwa imefungwa gatini, naitazama. Sikupanda.

Nikajiapia nitakaa hapa mpaka useme. Nilikuandikia jina la Vatiliai makusudi. Nilikuuliza makusudi. Kila ulipokwepa nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa sababu kadiri ulivyokuwa mbaya ndivyo nilivyopata nafuu. Nilijua Maciu anateseka, nikamwacha ateseke. Ratu anasema nije nikufute. Hajui anamtuma nani.

Sasa nisikilize nawe. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha ni mimi.

Mwezi wa Mei Nemani alichoka kungoja jibu lako. Asubuhi moja akanawa, akavaa shati safi, akaniambia, "Kaka hajibu. Nakwenda kwa kapteni mwenyewe nimwambie umri wangu. Ataniamini, anitazame tu." Na ni kweli, angemwamini. Alikuwa na uso wa mtoto wa shule ya Jumapili. Kapteni alikuwa hatua thelathini kutoka pale, anakunywa chai.

Mimi nikamshika mkono. Nikamwambia, "Subiri jibu la kaka yako. Usituaibishe." Akasema, "Siwezi, Kitione." Ndipo nikamtania, binamu. Nikapaza sauti wenzetu wasikie: "Jamani, huyu anataka kurudi kwa mama yangu, shangazi yake Unaisi, kunywa uji!" Wakacheka wote, Maciu naye alicheka. Nemani akacheka pia, maana alilelewa vizuri na hakujua kumkasirikia mtani. Akavua lile shati safi, akalikunja, akaliweka chini ya Biblia.

Sikutaka niwe mtu ambaye kijana wake amerudishwa nyumbani kwa kuomba. Nilikuwa nimekwisha kupiga kifua mbele ya Ratu kwamba nitamrudisha mimi, kwa miguu yake miwili, siku ninayoitaka mimi. Baada ya wiki tatu tulikwenda kuteka maji. Alikuwa mbele yangu hatua nne. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, ndoo ikawa inagonga mawe, nami nikamwambia aache kelele. Hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia kwangu kabla ya risasi.

Wewe ulikaa na mhuri usiugonge. Mimi nilikuwa nimemshika mkono usiku na mchana, sikuuachia. Jeshi tungeliambia kweli, lingemwachia. Sisi wawili ndio tuliokataa.

Kwa hiyo usiningoje nije kukufuta. Sina mkono wa kumfutia mtu. Nimeaga bandarini, nimelipa nauli, napanda boti ya tarehe ishirini na vitu vya Nemani, na lile shati safi ambalo sikukutajia limo. Mwambie mama asinipikie, asije ufukweni. Barua hii mpe Ratu asome ukiisha wewe kuisoma, na akitaka isomwe kanisani, isomwe. Nikiteremka sitapita nyumbani kwanza. Nakuja huko huko ulipo, na mlango huo nitauvuka kwa kuingia. Sogeza mkeka wako upande mmoja, unipe nafasi ya kulala.

Kitione